Nyumba Iliyokuwa Makazi Inapouzwa: Sheria ya Kodi ya Kenya



Katika mazungumzo yetu ya kuzitazama nchi jirani, leo tunapenda kulieleza jambo moja la sheria ya Kenya ambalo huwagusa watu wa kipato cha kawaida kuliko wengi wao wanavyodhani. Jambo lenyewe ni hili. Mtu amenunua nyumba, akaishi humo na jamaa zake kwa miaka mingi. Kisha akahama, ama kwa kustaafu, ama kwa kuhamishwa kikazi, ama kwa kwenda ng'ambo. Nyumba hakuiacha tupu, aliipangisha. Baada ya miaka michache akaamua kuiuza. Je, mtu huyo anadaiwa nini na serikali, na anapaswa kutoa taarifa gani?

Wengi hujibu upesi kwamba hadaiwi kitu, maana nyumba ile ilikuwa makazi yake, na sheria haiyatozi kodi makazi ya mtu. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Ile nusu iliyobaki yaweza kumgharimu mstaafu mmoja zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya.

Kabla ya kuendelea inafaa tuweke sawa jambo dogo la lugha. Neno kodi katika Kiswahili limebebeshwa mizigo miwili: kodi anayolipa mpangaji kwa mwenye nyumba, na kodi anayolipa raia kwa serikali. Katika maelezo haya fedha za mpangaji tutaziita pango, na neno kodi tutaliachia serikali peke yake. Mwenye nyumba anayesema kwamba yeye "amekwisha lipa kodi zote" huenda anasema kweli kwa maana moja na kukosea kwa maana ya pili.

Hadi mwisho wa mwaka 1973 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa chini ya sheria moja ya usimamizi wa kodi ya mapato ya Afrika Mashariki. Kuanzia tarehe 1 Januari 1974 Kenya na Tanzania zilianza kutumia kila moja sheria yake, na njia zikaachana. Mwaka 1975 Kenya ilianzisha kodi ya faida ya mtaji, yaani kodi inayotozwa faida anayoipata mtu kwa kuuza mali kama vile ardhi na majengo kwa bei iliyozidi gharama yake. Kodi hiyo ilisimamishwa mwezi Juni mwaka 1985, kwa nia ya kuwapa watu moyo wa kuwekeza katika majengo. Ikalala kwa karibu miaka thelathini. Watu walizaliwa, wakasoma, wakaajiriwa, wakajenga na kuuza nyumba bila kuisikia ikitajwa.

Iliamshwa tarehe 1 Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia 5 ya faida. Wenye mali walinung'unika, kisha wakazoea. Halafu Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ikakipandisha kiwango hicho hadi asilimia 15 kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Huko ni kuzidishwa mara tatu kwa usiku mmoja, na hapo ndipo swali la nani anasamehewa na nani hasamehewi lilipoacha kuwa la mawakili tu.

Msamaha wa makazi upo. Umeandikwa katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, na maana yake ni kwamba nyumba ya makazi ya mtu binafsi haitozwi kodi hii ikiwa mwenyewe ameishi ndani yake mfululizo kwa muda wa miaka mitatu inayotangulia uhamisho wa mali hiyo. Tuyapime maneno hayo vizuri. Sheria haikusema miaka mitatu yoyote. Haikusema pia jumla ya miaka mitatu katika maisha ya nyumba. Imesema miaka mitatu ya mfululizo, tena ile iliyoshikana na siku ya uhamisho. Kumbukumbu ya sheria hii, kwa hiyo, ni fupi mno. Inaitazama nyumba kuanzia mlangoni mwa mauzo na kurudi nyuma miaka mitatu tu. Yaliyotokea kabla ya hapo, hata yawe miaka ishirini ya kulea watoto na kuzika wazee katika nyumba hiyo, hayaulizwi.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Karani wa shirika la umma alinunua nyumba mtaa wa Buruburu, Nairobi, mwaka 2004, kwa shilingi 2,400,000. Alilipa ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani shilingi 96,000, na wakili na gharama nyingine ndogo zikamtoka shilingi 54,000. Baadaye akaongeza vyumba viwili na kujenga ukuta, jumla shilingi 650,000. Gharama yake yote basi ni shilingi 3,200,000. Aliishi humo miaka kumi na saba. Mwisho wa mwaka 2021 akastaafu, akarudi kwao Kakamega, na mwezi wa Januari 2022 akampangisha mtu nyumba ile kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwaka 2025 aliiuza kwa shilingi 11,000,000, na dalali na wakili wakachukua shilingi 300,000. Kilichobaki ni shilingi 10,700,000. Ukitoa gharama ya shilingi 3,200,000, faida ni shilingi 7,500,000, na asilimia 15 ya faida hiyo ni shilingi 1,125,000.

Angaliuza mwaka 2021, siku alipokuwa akifunga mizigo, asingalidaiwa hata senti, kwa kuwa miaka mitatu ya mwisho aliishi humo mwenyewe. Angaliuza mwaka 2022, mpangaji akiwa amekaa miezi sita tu, msamaha ungalikuwa umekwisha potea, ila kiwango kilikuwa bado asilimia 5. Kwa faida ile ile angalilipa shilingi 375,000. Nyumba ni moja na mwenye nyumba ni yule yule. Kilichobadilika ni tarehe, na nani analala ndani.

Msikilizaji aweza kuuliza: je, kodi haigawanywi, ikatozwa ile faida ya miaka minne ya upangaji tu, na ile ya miaka kumi na saba ya makazi ikaachwa? Jibu ni kwamba msamaha huu hauna mgawanyo wa namna hiyo. Ama umetimiza miaka mitatu ya mwisho, ama faida yote inahesabiwa tangu siku ya kununua. Tena hesabu hiyo hufanywa kwa shilingi kama zilivyoandikwa katika karatasi. Shilingi ya mwaka 2004 inawekwa kando ya shilingi ya mwaka 2025 kana kwamba zilinunua mkate wa ukubwa mmoja. Sehemu ya kile kinachoitwa faida, kwa hakika, ni kushuka kwa thamani ya fedha.

Kwa maoni yetu, kodi yenyewe si dhuluma. Mfanyakazi wa mshahara hukatwa kodi kila mwisho wa mwezi kabla hajaigusa bahasha yake, na ni vigumu kueleza kwa nini aliyenunua viwanja kumi na kuviuza kwa faida kubwa aende zake bila kulipa kitu, kama ilivyokuwa kwa karibu miaka thelathini. Kasoro ipo mahali pengine. Msamaha uliowekwa kumlinda mtu mwenye nyumba moja unamwangusha yule yule kwa sababu alipangisha badala ya kuuza, na mara nyingi alipangisha kwa kuwa kiinua mgongo kilikuwa hakijatoka au bei ya soko ilikuwa mbaya. Tajiri mwenye mshauri wa kodi huiona ngazi hiyo mapema. Karani anaijua anapokuwa amekwisha jikwaa.

Tuje sasa kwenye pango, kwa maana huko ndiko taarifa zinakoanzia. Tangu mwaka 2016 Kenya ina kodi maalumu ya mapato ya pango la nyumba za kuishi. Humhusu mwenye nyumba mkazi wa Kenya ambaye pango lake linazidi shilingi 288,000 kwa mwaka na halizidi shilingi milioni 15. Karani wetu anapokea shilingi 360,000 kwa mwaka, hivyo yumo. Hadi mwisho wa mwaka 2023 kiwango kilikuwa asilimia 10 ya pango lote; kuanzia tarehe 1 Januari 2024 ni asilimia 7.5. Kwa pango la shilingi 30,000 alipaswa kulipa shilingi 3,000 kila mwezi, kisha shilingi 2,250. Taarifa hutolewa na fedha hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hakuna kutoa gharama: rangi, bomba lililopasuka na ada ya wakala haviipunguzi kodi hiyo.

Hapa ndipo wengi wanapojifunga kamba wenyewe. Mwenye nyumba aliyetoa taarifa ya pango kila mwezi ameiandikia Mamlaka ya Mapato ya Kenya, kwa mkono wake, kwamba katika nyumba ile anaishi mtu mwingine. Siku ya mauzo hawezi kugeuka akasema aliishi humo mwenyewe. Na yule ambaye hakutoa taarifa hata moja yuko pabaya zaidi, kwa sababu akisema kweli kuhusu makazi anafichua pango ambalo hakulitolea kodi, na deni hilo huja na adhabu pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi uliopita. Wako wanaoshauriwa vijiweni waseme uongo mmoja ili kuuficha mwingine. Ushauri huo hauna faida. Mpangaji ana mkataba wake na risiti zake, majirani wana macho, na fedha nyingi za pango siku hizi hupita kwa simu na benki, ambako kila senti huacha alama.

Hesabu ya faida nayo inataka karatasi. Sheria inamruhusu muuzaji kuingiza katika gharama zake bei aliyonunulia au fedha alizojengea, ushuru wa stempu, ada za wakili na mthamini, matangazo ya kutafuta mnunuzi, ujira wa dalali, matumizi ya kuiongezea mali thamani, na hata gharama za kuitetea hati yake mahakamani. Kilichokwisha punguzwa katika kodi nyingine hakirudishwi mara ya pili. Ukarabati wa kawaida, kama kupaka rangi ili mpangaji mpya aingie, usichanganywe na ujenzi ulioiongezea nyumba thamani. Turudi kwa karani. Akiwa amepoteza risiti za vile vyumba viwili na ukuta, na gharama hiyo ikakataliwa, faida yake inapanda hadi shilingi 8,150,000 na kodi inakuwa shilingi 1,222,500. Yaani bahasha moja ya risiti za saruji, mabati na mafundi ina thamani ya shilingi 97,500. Tumewaona wazee wakizitunza kadi za kliniki za watoto waliokwisha kuwa na wajukuu, lakini risiti za nyumba zikawashia jiko.

Yupo atakayeuliza kama kuna mlango wa kurudi. Upo, nao ni halali: mwenye nyumba amtoe mpangaji kwa utaratibu, arudi kuishi humo, akae miaka mitatu mfululizo, ndipo auze. Kuweka kitanda na kabati katika chumba kimoja si kuishi, wala kulala humo mara mbili kwa mwezi unapokuja mjini kufuata pensheni. Bili za maji na umeme, barua za benki na ushahidi wa majirani ndivyo vinavyoonyesha mtu anaishi wapi. Lakini si kila mtu awezaye kufanya hivyo. Mzee aliyekwisha kuzoea shamba lake na zahanati ya kijijini hatarudi kukaa Nairobi miaka mitatu kwa ajili ya kodi, hasa kama fedha za mauzo anazihitaji sasa kwa matibabu.

Sheria ina misamaha mingine ambayo huwafaa baadhi ya watu wa namna hii. Mtu binafsi akihamisha ardhi ambayo thamani ya uhamisho wake haizidi shilingi 3,000,000, hatozwi. Uhamisho kati ya mume na mke hautozwi, wala ule wa waliokuwa mume na mke unaofanywa katika kugawana mali baada ya talaka. Aidha, mali ya marehemu inayouzwa au kuhamishwa kwa ajili ya kugawa mirathi husamehewa, mradi jambo hilo likamilike katika miaka miwili tangu kifo, au katika muda ulioongezwa. Na kama mirathi ina kesi mahakamani, miaka hiyo ina hesabu yake ya pekee. Hivyo karani akiuza mwenyewe nyumba yenye mpangaji anadaiwa, lakini akifariki, watoto wake wakaiuza nyumba ile ile kwa ajili ya mirathi ndani ya muda uliowekwa, hawadaiwi. Kisheria jambo hilo lina sababu zake. Kwa mzee mwenyewe, ni vigumu kulieleza bila kumwonea haya.

Na hapa nyumbani Tanzania? Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ilifuata njia tofauti. Makazi ya mtu binafsi yalisamehewa ikiwa ameyamiliki mfululizo kwa miaka mitatu au zaidi, na ameishi humo kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi, iwe mfululizo au kwa vipindi. Kwa kipimo hicho, miaka kumi na saba ya karani wetu isingalifutwa na miaka minne ya mpangaji. Lakini tusijisifu mno, maana sheria hiyo hiyo iliweka mpaka mwingine: faida ikizidi shilingi milioni 15 za Tanzania, msamaha hauendi. Fedha hizo zilikuwa nyingi mwaka 2004. Leo, katika miji mikubwa, kiwanja kitupu chaweza kuleta faida zaidi ya hiyo. Wakenya wamewekewa kikwazo cha kalenda, na Watanzania kikwazo cha kiasi.

Lipo kundi la watu ambao nyumba zao za zamani hugeuka kuwa za kupangisha karibu kwa kawaida, nao ni wale waliokwenda kufanya kazi ng'ambo. Mkenya anayeishi Marekani kama mkazi wa kudumu hutakiwa na nchi ile kutaja mapato yake ya dunia nzima, pamoja na pango na mauzo ya nyumba iliyoko Nairobi. Sheria ya Marekani huitazama miaka mitano inayotangulia mauzo. Aliyeimiliki nyumba na kuishi humo kwa jumla ya miaka miwili katika mitano hiyo aweza kusamehewa faida ya hadi dola 250,000, au dola 500,000 kwa mume na mke wanaotoa taarifa pamoja. Aliyeondoka Kenya miaka kumi iliyopita hana nafasi hiyo. Tena liko fungu la uchakavu wa jengo, ambalo mwenye nyumba hupunguziwa katika mapato ya pango mwaka hadi mwaka. Siku ya kuuza, Marekani hulidai kodi fungu hilo, kwa kiwango kisichozidi asilimia 25, nalo huhesabiwa hata kama mwenyewe hakulitumia, maadamu alistahili kulitumia. Kodi aliyolipa Kenya huweza kuhesabiwa katika deni la Marekani ili asitozwe mara mbili faida moja, lakini lazima awe na hati ya malipo ya Kenya. Ndugu aliyeachiwa nyumba Nairobi, akauza na kutuma fedha bila karatasi, anamwachia aliyeko ng'ambo mzigo mzito.

Taarifa ya mauzo nchini Kenya hutolewa na muuzaji, si mnunuzi. Mnunuzi ana ushuru wake wa stempu, asilimia 4 mijini na asilimia 2 kwingineko. Muuzaji huijaza kwa nambari yake ya mlipa kodi katika mtambo wa kompyuta wa Mamlaka ya Mapato, uitwao iTax, akitaja bei aliyouzia, gharama zake na faida. Pale mauzo yasipokuwa ya kweli ya soko, kwa mfano bei iliyoandikwa ndogo ili kumfaa rafiki, Mamlaka yaweza kutumia bei ya soko badala ya ile iliyoandikwa. Anayeamini kwamba amesamehewa naye asinyamaze; aeleze ni msamaha upi anaoutegemea, na auambatanishe na ushahidi wake. Kwa mujibu wa marekebisho ya mwaka 2023, kodi hii hudaiwa siku muuzaji anapopokea bei yote au siku uhamisho unaposajiliwa, ile itakayotangulia. Kwa hiyo muuzaji aliyepokea bei yote leo, na hati ikachelewa kusajiliwa miezi mitatu, hana miezi mitatu ya kungoja.